Istilahi za Ukatuaji wa Rangi ya Magari: Tatizo la "Ukungu"

Miongoni mwa kazi ziletwazo mezani petu mara kwa mara ni tafsiri za maelekezo ya matumizi: karatasi zinazoambatana na dawa za mimea, mbolea, pampu za maji na vifaa vya magari. Kazi hizi huonekana ndogo. Hazina jina la mwandishi, wala hapana mhakiki atakayezijadili magazetini. Hata hivyo ndizo zisomwazo na mtu aliye na kifaa mkononi, naye hutenda vile vile zilivyosema. Makala haya yanahusu neno moja katika karatasi ya namna hiyo, na hasara iliyotokana nalo.

Karatasi yenyewe ilieleza jinsi ya kukatua rangi ya gari kwa mashine. Ilitafsiriwa kwa ajili ya karakana moja ya magari, nami ndiye niliyeihakiki. Katika hatua ya mwisho palikuwa na onyo juu ya weupe hafifu unaoweza kubaki juu ya rangi baada ya mashine kupita. Mfasiri aliandika "ukungu", nami sikuona kosa. Sentensi yetu ikasomeka hivi: "Endelea kung'arisha mpaka ukungu uondoke."

Miezi michache baadaye tulikaribishwa karakanani tuone matunda ya sentensi hiyo. Gari lilikuwa jeusi. Kijana aliyepewa kazi aliuona ukungu juu ya boneti, akaendelea kung'arisha kama alivyoagizwa, kwa dawa ile ile na pedi ile ile. Ukungu haukuondoka. Akazidi kukandamiza mashine. Hatimaye, kwenye ukingo wa boneti, tabaka la juu likaisha, rangi ya chini ikatokeza, na boneti nzima ikabidi ipigwe rangi upya. Fundi mkuu, mzee wa makamo, hakutugombeza. Alisema tu: "Mwanangu, ninyi mmeandika ukungu, na kila mtu anajua kwamba dawa ya ukungu ni kuufuta. Huu haufutiki. Hizi ni njia za mchanga."

Tangu siku hiyo nimejifunza kazi hii kwa kadiri mtu wa ofisini awezavyo kuijifunza, na ninayoyaeleza hapa yanatokana na mafunzo hayo.

Ukungu wa namna nyingi

Tatizo la kwanza ni kwamba lugha tuliyotafsiri kutoka kwayo, yaani Kiingereza, hutumia neno moja kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Mtu apakapo nta juu ya gari, huambiwa aiache ikauke mpaka ifanye weupe kama wa hewa ya asubuhi, kisha aifute kwa kitambaa. Weupe huo hauna madhara. Ni dalili kwamba nta iko tayari. Lakini neno lilo hilo hutumika pia kwa weupe unaoachwa na mashine ya kukatua, ambao ni jeraha la rangi yenyewe. Mwingereza mwenye kazi yake hutambua tofauti kwa mazoea. Mfasiri asiye na mazoea hayo hushika neno moja la Kiswahili na kulitia kila mahali, na msomaji wake hana njia ya kutambua lipi ni lipi.

Sisi nasi tumeongeza matatizo yetu. "Ukungu" wa Kiswahili ni wa hewani, wa kioo kilichopata unyevu, na hata ule uotao juu ya mkate wa jana. Katika zote hizo mna wazo la kitu kilichokuja kutoka nje kikatua juu ya kitu kingine, ambacho chaweza kufutwa, kukaushwa au kukwanguliwa. Hapo ndipo lilipo kosa letu. Hatukumpa msomaji jina tu. Tulimpa pia dhana ya chanzo na dawa, na zote mbili hazikuwa sahihi.

Ukiwasikiliza mafundi wa rangi utaona kwamba hawachanganyi. Gari la zamani lililochomwa na jua mpaka rangi yake ikawa kama chaki, husema limepauka. Neno hili ni zuri mno, nalo latumika kwa ngozi isiyopakwa mafuta na kwa kitambaa kilichochakaa. Hatuna sababu ya kutafuta jingine. Mafundi wa mwambao wanayo hitilafu yao mahsusi: rangi ya kukauka upesi ikipulizwa siku yenye unyevunyevu mwingi, tina huvukiza kwa kasi, uso wa rangi hupoa, na maji ya hewani hutonea juu yake kabla haijakauka. Rangi hugeuka nyeupe kama maziwa. Jambo hili twaweza kuliita weupe wa unyevu. Dawa yake ni kubadili tina iwe ya kukauka polepole, au kungoja hali ya hewa nzuri zaidi, wala haihusiani na mashine ya kukatua. Nta iliyokauka ni utando, kwa kuwa imelala juu ya rangi kama utando ulalavyo juu ya maziwa yaliyochemshwa.

Inabaki hitilafu ya nne, ile iliyoharibu boneti.

Rangi ya gari la siku hizi si tabaka moja. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Wako waliopendekeza "rangi angavu" badala ya klia. Kwa maoni yangu, neno lililokwisha kuenea katika gereji zote halihitaji mrithi, hasa kwa kuwa rangi isiyo na rangi itamtatiza mwanafunzi. Klia ya kiwandani aghalabu ina unene wa mikroni 35 hadi 50, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndiyo kusema klia yote ni nyembamba kuliko unywele wa kawaida wa kichwani. Ndiyo inayotoa mng'ao na kuikinga rangi na jua. Anayekatua hufanya kazi ndani ya unene huo, na kila apitapo huupunguza. Mafundi waangalifu hawapendi kuondoa zaidi ya mikroni chache, kwa sababu kilichoondoka hakirudi.

Dawa ya kukatulia ina chembe ngumu, aghalabu za oksidi ya alumini, zilizochanganywa na mafuta na maji. Chembe hizo huondoa mkwaruzo mkubwa kwa kuchonga uso unaouzunguka, lakini katika kuchonga huacha mikwaruzo yao wenyewe, midogo na mingi. Mkwaruzo mmoja wa namna hiyo hauonekani kwa jicho. Ikiwa maelfu, tena ikielekea kila upande, nuru inayoangukia juu yake haiakisiwi yote kwa njia moja. Sehemu yake hutawanyika. Utawanyiko huo ndio jicho linaouona kama weupe hafifu. Juu ya gari jeupe au la rangi ya fedha waweza usionekane kabisa. Juu ya jeusi, au la buluu iliyokoza, huonekana mara moja, kwani pale hakuna nuru nyingine ya kuuficha.

Walimu wa ufundi watafaa kuzingatia jambo moja hapa. Gari laweza kung'aa sana na bado likawa na hitilafu hii. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Viwango lina kiwango kimoja cha kupima mng'ao wa rangi, ISO 2813, na kingine cha kupima weupe huu, ISO 13803. Kipimo cha kwanza huangalia nuru inayorudi pale inapotarajiwa kurudi. Cha pili huangalia ile iliyopotoka kando kidogo ya hapo. Mtu akisema "limeng'aa, kwa hiyo limekwisha", amepima kimoja akaacha kingine.

Kukatua na kung'arisha

Tatizo la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza, lilikuwa katika kitenzi. Tuliandika "kung'arisha" kwa kila kazi: kung'arisha kwa dawa kali, kung'arisha kwa dawa laini, kung'arisha kwa nta. Lakini kung'arisha ni matokeo, si tendo. Kiatu hung'arishwa kwa kupakwa, sufuria hung'arishwa kwa kusuguliwa, taa hung'arishwa kwa kufutwa vumbi. Anayeambiwa "ng'arisha" hakuambiwa afanye nini.

Kiswahili kinalo neno la tendo hili tangu zamani, nalo ni kukatua. Masinia ya shaba, mabirika na misumari mikubwa ya milango ya Unguja vilikatuliwa, na bado hukatuliwa, kwa kusuguliwa mpaka ving'are. Aliyepata kukatua sinia kwa majivu na ndimu anajua kwamba majivu laini hung'arisha, na kwamba mchanga wa pwani huondoa madoa upesi lakini huacha sinia na sura ya kufifia. Maarifa yote ya kuepuka ukungu wa gari yamo katika jikoni hiyo. Kilichobadilika ni ukubwa wa chembe tu.

Wako watakaopinga kwamba kukatua ni kulima ardhi ngumu kwa mara ya kwanza, na kwamba mabwana shamba wanalitumia hivyo. Ni kweli. Lakini sioni uwezekano wa mtu kuchanganya boneti na shamba, na katika maana zote mbili mna jambo moja ambalo "kung'arisha" haina: uso wa kitu unakatwa. Kijana yule angeambiwa kwamba anaukata uso wa klia, naamini asingezidi kukandamiza.

Msaada mwingine watoka kwa maseremala. Msasa kwa asili ni mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja, ikarithi jina. Kila fundi anajua kwamba njia zilizoachwa na msasa mkali haziondolewi kwa msasa ule ule. Huondolewa kwa msasa wenye namba kubwa zaidi, na za huo kwa ule unaofuata. Ukatuaji wa rangi ni mwendelezo wa kazi hiyo kwa chembe zilizo ndogo zaidi. Kwa hiyo agizo la "endelea mpaka uondoke" lilikuwa sawa na kumwambia seremala aendelee kwa msasa mkali mpaka njia zake ziishe.

Sasa yafaa kusema wazi jinsi ukungu huu unavyoepukwa, kwani istilahi isiyojua kazi ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mashine ni za namna mbili. Ya kwanza huzungusha pedi mahali pamoja kama gurudumu. Ina nguvu na huleta joto, na ikitumiwa vibaya huacha mistari ya upinde inayoonekana kutembea juu ya gari mtu anaposogea juani. Ya pili huzungusha pedi na wakati huo huo huitikisa, hivi kwamba chembe hazipiti njia moja mara mbili. Hii ni salama zaidi kwa mwanafunzi, lakini ndiyo iachayo hasa weupe usio na mistari, maana mikwaruzo yake haina mwelekeo.

Pedi nayo ni kifaa cha kukata, wala si kitambaa cha kupakia. Ya manyoya ya kondoo hukata sana. Ya nyuzinyuzi nyembamba hukata sana pia, na juu ya klia laini huacha ukungu karibu kila mara. Sponji ngumu hufuata. Sponji laini ni ya kumalizia. Kosa lililo la kawaida kuliko yote ni kuendelea na pedi iliyojaa. Dawa iliyokauka na vumbi la klia hugandamana katika sponji na kufanya punje, nazo hukwaruza hata kama dawa ni laini namna gani. Pedi isafishwe kwa brashi kila baada ya kumaliza sehemu moja, na ziwepo kadhaa za kubadilisha. Nimeona karakana yenye mashine ya bei kubwa na pedi moja tu.

Dawa zenyewe zatofautiana kwa jambo ambalo maelekezo mengi hulipita upesi. Katika baadhi yake chembe huvunjika kadiri zinavyofanya kazi, zikawa laini zaidi. Katika nyingine hubaki vile vile. Anayetumia za kwanza akiacha mapema, huacha mikwaruzo ya chembe ambazo hazijavunjika. Anayetumia zozote akaendelea mpaka dawa ikauke, husugua kwa unga mkavu. Mfasiri akikuta sentensi inayosema dawa ifanyiwe kazi kwa muda fulani, asiifupishe.

Mengineyo ni mepesi. Gari likatuliwe kivulini, bati likiwa baridi. Sehemu ya kukatuliwa isizidi kiasi cha nusu mita kwa nusu mita. Dawa iwe matone machache, kwani ikizidi pedi huteleza na kujaa. Mkono uende polepole, na mapito ya mwisho yawe ya uzito wa mashine yenyewe bila kukandamiza. Kingo za mabati ziepukwe, maana huko klia ni nyembamba na joto hukusanyika. Kabla ya yote, pajaribiwe mahali padogo, kwa kuwa klia za magari hazina ugumu mmoja.

Limebaki jambo moja ambalo hudanganya hata wakaguzi. Mafuta yaliyomo katika dawa hujaza mikwaruzo midogo, na gari hutoka karakanani likiwa safi kabisa. Baada ya kuoshwa mara chache, ukungu huonekana, na mwenye gari hudhani kwamba umeingia baadaye. Kwa sababu hiyo, kabla ya kukagua, uso ufutwe kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji, ili mafuta yaondoke. Kisha utazamwe juani, au kwa taa moja kali inayomulika kutoka sehemu moja. Taa ndefu za darini hazifai: nuru yake hutoka pande nyingi na kuficha mikwaruzo.

Mapendekezo

Kutokana na hayo yote, napendekeza kwamba weupe unaoachwa na mashine uitwe ukungu wa mikwaruzo. Nilifikiria kuliacha kabisa neno ukungu, lakini ndilo linaloeleza kile jicho linachokiona, na fundi hawezi kutafuta hitilafu asiyojua sura yake. Sharti ni kwamba neno lisisimame peke yake. Weupe wa nta uitwe utando wa nta. Ule wa mafuta ya dawa, utando wa mafuta. Kupauka na weupe wa unyevu vibaki kama nilivyoeleza. Kitenzi cha kazi kiwe kukatua, nayo kazi ya dawa kali iitwe ukatuaji wa kwanza na ile ya dawa laini ukatuaji wa kumalizia. Kupaka nta kuitwe kupaka nta. Kung'arisha tukuachie matangazo ya biashara na kichwa cha karatasi.

Sentensi iliyotuletea hasara tumeiandika upya. Imekuwa ndefu mara kadhaa, jambo ambalo lilileta ubishi kidogo na mpiga chapa, nayo sasa yasomeka hivi: "Ukiona ukungu wa mikwaruzo, acha. Usirudie kwa dawa na pedi ulizotumia. Futa uso, weka pedi safi ya sponji laini na dawa ya kumalizia, kisha katua tena bila kukandamiza. Ukungu usipopungua baada ya kurudia mara moja, mwite msimamizi."

Jambo moja bado halijapata jina. Ni ile mistari ya upinde iachwayo na mashine ya mzunguko, iendayo na macho ya mtazamaji. Kwa Kiingereza huitwa kwa jina la picha zinazobadilika sura zikigeuzwa, na "hologramu" ingeweza kukubaliwa. Lakini mafundi niliowauliza husema "alama za mashine", nalo ni pana mno, kwa maana hata ukungu wenyewe ni alama ya mashine. Wasomaji walio karibu na gereji, wa bara na wa pwani, wanaombwa watuandikie neno walilolisikia, pamoja na sentensi ambamo lilitumika.